Subiri Majani Yaanguke

Ifikapo katikati ya Oktoba, milango minne ya Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, katika jimbo la Virginia, Marekani, haipitiki kirahisi. Foleni huanza asubuhi: magari ya familia, pikipiki za wazee wenye ndevu nyeupe, na katikati yao magari-nyumba, yale yenye kitanda, jiko na choo ndani, yakipanda mlima kwa kuhema huku wenye haraka wakikunja nyuso nyuma yake. Wote wamefuata majani. Wamesoma ramani za kubashiri wiki ambayo rangi zitafikia kilele, wamelipia nafasi ya kambi miezi kadhaa kabla, na Jumamosi yenyewe ikiamka na ukungu wanarudi kwao wamenuna.

Nasema wamewahi. Mtu anayetaka kuiona milima hii ya Blue Ridge pamoja na historia yake aende wiki tatu baadaye, miti ikiwa mitupu.

Shemeji yangu anayeishi Maryland, ambaye kati yetu ndiye mwenye uzoefu wa kuendesha magari yale, alinicheka nilipompa wazo hilo. "Shemeji, watu wanalipa hela kuona miti imevaa, wewe unataka twende tukaangalie kuni?" Nikamjibu kwamba ndiyo, kuni, na kilicho nyuma ya kuni. Akasema sawa, ila blanketi nitabeba mwenyewe.

Sina ugomvi na rangi. Siku zikifupika na usiku ukipoa, mti huacha kutengeneza klorofili. Kijani kikififia, manjano iliyokuwa imejificha ndani ya jani muda wote hujitokeza. Wekundu ni kazi mpya: jani hutengeneza rangi hiyo mwishoni, kutokana na sukari iliyobaki ndani yake. Ndiyo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi kavu huwaka kuliko mwaka wa mawingu. Rangi huanzia vileleni na kuteremka mabondeni kadiri wiki zinavyokwenda, na mimaple inapokuwa imeshamaliza, mialoni bado ina hudhurungi yake. Ni jambo la kutazama, na asiyelitazama amejinyima.

Lakini majani hayo hayo ni pazia. Yanapokuwa mtini, msafiri anayepita Skyline Drive, barabara ya kilomita 169 inayofuata mgongo wa mlima kutoka Front Royal hadi Rockfish Gap, haoni kingine zaidi ya msitu. Anaamini msitu huo umekuwapo tangu enzi na enzi. Yakianguka, hatua chache kutoka barabarani vinaanza kuonekana vitu ambavyo msitu haujengi: ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono, dohani iliyosimama bila nyumba, mitofaa iliyozeeka katikati ya miti ya mwituni, mimea itambaayo yenye kijani cha mwaka mzima ambayo watu waliipanda makaburini, na mawe ya makaburi yenyewe, mengi hayana hata jina. Huku kulikuwa na mashamba na malisho. Msitu ndio mgeni.

Bunge la Marekani liliidhinisha hifadhi hiyo mwaka 1926, kwa sharti kwamba serikali ya jimbo ndiyo itafute ardhi na kuikabidhi. Virginia ikakuta ardhi hiyo ina wenyewe, maelfu ya vipande vilivyorithiwa, kuuzwa na kugawanywa kwa vizazi. Mwaka 1928 ikatunga sheria ya kuitwaa yote kwa mkupuo badala ya kubishana na mwenye shamba mmoja mmoja. Waliokuwa na hati walilipwa, kwa bei wasiyoichagua. Wapangaji na wale waliokuwa wakiishi kwa mazoea, bila karatasi, hawakupata kitu. Familia kama 500 ziliondoka. Baadhi ya nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili mtu asirudi usiku kulala kwake. Julai 3, 1936, Rais Franklin Roosevelt aliposimama Big Meadows kuizindua hifadhi, zilikuwapo familia ambazo bado hazijatoka. Wazee wachache waliruhusiwa kumalizia maisha yao mlimani. Wa mwisho wao, Annie Shenk, alifariki mwaka 1979. Yaani ni juzi tu.

Kilichoniudhi zaidi niliposoma habari hizi ni namna watu hao walivyoandaliwa kuondolewa kabla ya kuondolewa. Mwaka 1933 kilitoka kitabu kilichoitwa Hollow Folk, kikiwaeleza watu wa mabonde ya Shenandoah kama kundi lililosahauliwa na dunia, lisilojua kusoma, lisilo na mpango. Msomaji wa mjini akikifunga anaona kuwahamisha ni kuwafanyia hisani. Miaka ya 1990 wanaakiolojia walipochunguza mabaki ya nyumba katika mabonde matatu ya huko walikuta vipande vya sahani za santuri, vyombo vya dukani, vitu vya watoto vya kuchezea na vipuri vya magari. Watu waliokuwa wakisikiliza santuri walikuwa wameandikwa kama watu wa mapangoni. Na umaskini uliokuwapo ulikuwa na sababu zake: ukame wa mwaka 1930, na kabla yake ule ugonjwa wa kuvu ulioonekana New York mwaka 1904 na kuteremka milimani ukiiua miti ya chestinati, ambayo ilikuwa ikiwapa mbao, magome ya kuuza na njugu za kulisha nguruwe.

Msomaji wa Arusha au Mara hahitaji kuchorewa. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Wamasai waliokuwa wakiishi humo walitolewa mwaka 1959, Ngorongoro ikatengwa iwe mahali pa watu na wanyama kwa pamoja. Mwaka huo huo ikatoka filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti, ikapata tuzo ya Oscar, na dunia ikaifahamu nyika yetu kupitia macho ya mtu aliyeamini kwamba hifadhi ya kweli haina binadamu ndani yake. Tangu mwaka 2022 tumeona malori yakibeba familia na vyombo kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, huku mabishano juu ya hiari na shuruti yakiwa hayajaisha. Sisemi mambo haya yanalingana kwa kila kipimo. Sheria zao si zetu, na nyumbu wetu si kulungu wao. Nasema mtalii ni yule yule. Anapenda kuambiwa kwamba anachokitazama hakijaguswa, na kuna watu wanaolipwa kumwambia hivyo.

Mfano mzuri uko kusini zaidi. Skyline Drive ikiisha, Blue Ridge Parkway inaipokea na kukimbia kilomita 755 hadi North Carolina. Ujenzi wake ulianza Septemba 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na kipande cha mwisho, daraja la Linn Cove linalopinda kandokando ya Grandfather Mountain, kilifunguliwa mwaka 1987. Hakuna mabango ya biashara, hakuna malori ya mizigo, hakuna hata kituo cha mafuta juu yake. Msanifu wake wa mandhari, Stanley Abbott, aliipanga kila kona jicho liangukie mahali fulani. Sasa fika Mabry Mill, kinu cha maji ambacho huenda ndicho kinachopigwa picha kuliko kitu chochote kwenye njia hiyo. Kinu ni cha kweli, cha fundi Ed Mabry na mkewe Lizzie. Ila wenyewe waliishi katika nyumba ya mbao zilizopasuliwa, ya ghorofa moja juu, kama nyumba nyingi za wakati wao. Nyumba hiyo iliondolewa. Mahali pake pakaletwa kibanda cha magogo kutoka kwingine, kwa sababu watalii walitarajia kwamba mtu wa mlimani anaishi kwenye magogo. Oktoba, kinu kikiwa kimezungukwa na wekundu na bata wakielea bwawani, nani atauliza nyumba ya mwenye kinu iko wapi?

Nifike kwenye gari lenyewe, kwa sababu kuna watu watakaosoma hadi hapa wakitafuta habari za gari tu. Kodisheni dogo. Handaki la Mary's Rock, kusini kidogo ya mlango wa Thornton Gap, lina kimo cha mita 3.86, na yale magari-nyumba yenye ukubwa wa basi, ukiongeza kiyoyozi kilichokaa juu ya paa, hufikia hapo au kupita. Lile la wastani, lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, linapita bila wasiwasi. Kambi za ndani ya hifadhi hazina nyaya za umeme wala mabomba ya kuunganisha kwenye gari. Unaingia na maji yako tankini, betri yako, gesi yako, na jenereta unaiwasha kwa saa zilizoruhusiwa tu. Maji ya vyombo yana tanki lake, ya choo yana lake, na kuyamwaga mahali palipotengwa ni kazi ambayo kwetu tulipeana zamu, na kila zamu yangu ilipofika shemeji alikuwa na simu muhimu. Mwendo wa juu kabisa Skyline Drive ni kilomita 56 kwa saa, na Parkway ni 72. Wengi huona hiyo ni adhabu. Mimi naona ndiyo faida kubwa ya safari: gari zito, barabara nyembamba na sheria ya mwendo vinakulazimisha kukaa siku nzima na kipande cha mlima ambacho mwenye gari dogo angekimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Faida ya pili ina historia yake. Kulala ndani ya chombo chako maana yake humwombi mtu chumba. Kwa Mmarekani mweusi wa kizazi kilichopita hilo halikuwa jambo dogo. Kuanzia mwaka 1936 Victor Hugo Green, tarishi wa New York, alikuwa akichapisha kitabu cha kuwaelekeza wasafiri weusi hoteli, vituo vya mafuta na nyumba ambazo hazingewafukuza. Na hata penye hewa safi ya Shenandoah palikuwa na mipaka: mwaka 1939 kilifunguliwa kitongoji cha Lewis Mountain kwa ajili ya watu weusi peke yao, chenye nyumba ndogo za kulala, mgahawa na uwanja wa kambi, na ramani zikaonyesha hivyo bila haya. Ubaguzi huo ulikuwa umeondolewa hifadhini ifikapo mwaka 1950. Leo Lewis Mountain ndiyo kambi ndogo na tulivu kuliko zote pale juu, na wageni wanaisifia kwa utulivu huo. Ukiweka gari lako hapo, jua umelala wapi.

Kuna jambo la pembeni ambalo sikulitarajia. Tuliteremka Harrisonburg, bondeni magharibi mwa hifadhi, kununua mafuta na mkate, nikasikia nyuma yangu mama mmoja akimkemea mtoto kwa Kiswahili cha Kongo. Tukasalimiana. Walikuwa wamefika kama wakimbizi. Nilipomuuliza kama wameshapanda kule juu kuona majani, alicheka: "Kaka, sisi msitu tulishauona wa kutosha."

Wanaoanzia safari kaskazini wasipite Harpers Ferry kwa haraka. Mji huo mdogo uko mahali mto Shenandoah unapoingia Potomac, na historia yake kubwa ni ya Oktoba. Usiku wa Oktoba 16, 1859, John Brown na wafuasi wake wasiofika 25 walivamia ghala la silaha la serikali wakinuia kuwapa bunduki watumwa na kuifanya milima hii hii ngome ya watu huru. Mpango uliporomoka ndani ya saa 36. Wanajeshi wa majini wakiongozwa na Robert E. Lee walivunja mlango wa jengo la zimamoto alimojificha Brown, na Desemba 2 akanyongwa. Wa kwanza kuuawa kati ya wavamizi alikuwa Dangerfield Newby, mtu mweusi aliyekuwa ameshapata uhuru wake. Mkewe Harriet na watoto walikuwa bado watumwa huko Virginia, na barua za Harriet za kumsihi aje kuwanunua kabla hawajauzwa mbali zilikutwa katika mali zake.

Jengo lile la zimamoto limehamishwa mara kadhaa, hata Chicago lilifika kwa maonyesho, na leo liko karibu na pale lilipokuwa. Juu ya kilima kuna majengo ya chuo cha Storer, kilichoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani na kufungwa mwaka 1955. Mwaka 1906 W. E. B. Du Bois na wenzake wa vuguvugu la Niagara walikutana hapo. Miaka ya 1920 alisoma hapo kijana mmoja wa Nigeria, Nnamdi Azikiwe, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa nchi yake. Magari-nyumba hayashuki mjini. Yanaachwa kwenye maegesho ya juu na abiria wanashushwa kwa basi la hifadhi. Katikati ya Oktoba basi hilo hujaa watu waliokuja kupiga picha mito miwili na rangi zake. Novemba unaweza kusimama mbele ya lile jengo dogo la matofali na ukageuza shingo kuitazama milima ambayo Brown aliitegemea. Ikiwa mitupu, unaielewa mara moja akili yake: mabonde yamefumana, majabali yamejaa, na jeshi la farasi lingepata taabu humo.

Mwisho wa kusini wa Parkway ni nchi ya Wacherokee, na huko hoja yangu inapata upande mwingine. Mwaka 1838 serikali iliwaswaga Wacherokee kama 16,000 kuelekea magharibi, na inakadiriwa 4,000 kati yao walikufa. Waliobakia, wengine kwa kujificha milimani na wengine kwa kushikilia ardhi kisheria, ndio mababu wa jamii ya sasa ya mashariki. Karne moja baadaye wapangaji wa Parkway walitaka barabara ipite bonde la Soco, penye ardhi yao bora ya kulima. Wacherokee wakakataa. Walikuwa na baraza, walikuwa na ardhi ya pamoja inayotambuliwa, na walibishana miaka kadhaa. Barabara ikapandishwa mgongoni mwa mlima. Nenda nayo leo utaona jinsi inavyoning'inia juu, mbali na makazi, na wageni hudhani wahandisi walichagua hivyo kwa ajili ya mandhari. Watu wa Shenandoah, kila mmoja na shamba lake na wakili asiyeweza kumlipa, hawakupata nafasi hiyo. Kwa yeyote anayefuatilia migogoro ya ardhi ya hifadhi kwetu, tofauti hiyo ina thamani kuliko picha zote za kinu.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Watoto wako shule Novemba. Usiku joto hushuka chini ya sifuri, mpira wa maji huganda, na asubuhi moja ya namna hiyo inatosha kumfanya mke wako aulize ni nani aliyeleta wazo hili. Kambi nyingi hufungwa kadiri mwezi unavyokwisha. Yote ni kweli, na ndiyo sababu nasema wiki tatu wala si miezi mitatu. Kuna na jambo la kimbunga Helene, kilichopiga Septemba 2024 na kubomoa vipande vingi vya Parkway upande wa North Carolina. Kabla ya kuondoka angalia ni sehemu gani ziko wazi, usijikute unarudi nyuma na nyumba nzima mgongoni.

Ukifika Cherokee bado una siku mkononi, panda hadi Kuwohi, kilele cha mita 2,025 kilichokuwa kikiitwa Clingmans Dome kwa jina la mwanasiasa aliyekuwa jenerali wa jeshi la Kusini. Wacherokee waliomba jina lao lirudi, na Septemba 2024 likarudishwa rasmi. Barabara ya kwenda huko hufungwa Desemba 1 hadi mwisho wa Machi. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo: Kuwohi wiki ya tatu ya Novemba, Mabry Mill siku chache kabla, Lewis Mountain katikati ya mwezi, Harpers Ferry mwanzoni mwake. Kodi ya gari wakati huo kwa kawaida ni nafuu kuliko ya Oktoba, na shemeji yangu, ambaye hakubali kitu kirahisi, amekwisha kuniuliza kama mwaka ujao tutaanzia kusini.